Ukumbi wa Maktaba Ni Huduma, Si Mradi

Kwenye uzio wa maktaba nyingi za umma, karibu na kibao cha saa za kufungua na kufunga, siku hizi huonekana tangazo la pili: ukumbi unakodishwa kwa semina, mikutano na sherehe. Chini yake huandikwa namba ya simu, na mara nyingi hakuna zaidi. Bei haitajwi. Masharti hayatajwi. Anayetaka kujua hupiga simu, na jibu hutegemea aliyepokea, aliyepiga na jinsi mazungumzo yalivyokwenda.

Ndani ya tangazo hilo mna jambo jema na jambo la hatari. Jema ni kwamba maktaba imetambua kuwa watu wanahitaji mahali pa kukaa pamoja, si mahali pa kusoma tu. Hatari ni kwamba ukumbi umeanza kuhesabiwa kuwa mradi wa kuziba pengo la bajeti, na mradi wowote hutafuta mteja mwenye fedha kwanza. Ikiwa hali itaendelea hivyo, mwananchi aliyejengewa jengo kwa kodi yake atasimama nje ya mlango akisubiri kampuni zimalize semina zao.

Msimamo unaotetewa hapa ni huu: ukumbi wa maktaba ya umma ni huduma ya maktaba, sawa na rafu za vitabu na meza za kusomea, na kila kanuni ya kuukodisha, iwe ya bei, ya zamu au ya nani akubaliwe, inapaswa kupimwa kwa kipimo hicho. Fedha iingie, lakini ije nyuma ya huduma.

Vitabu na mikutano chini ya paa moja

Wapo wanaodhani kuwa mikutano ndani ya maktaba ni jambo geni lililoletwa na ukata. Historia inasema vingine. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, aligharimia ujenzi wa maktaba zaidi ya 2,500 duniani, kati yake 1,689 zikiwa Marekani kwenyewe, na nyingi zilijengwa zikiwa na ukumbi wa mihadhara, mara nyingi chini ya chumba cha kusomea. Sharti lake lilikuwa kwamba mji unaopewa jengo utenge kila mwaka fedha za kuliendesha zinazofikia asilimia 10 ya gharama ya ujenzi. Alijua kuwa kujenga ni kazi ya mara moja na kuendesha ni kazi ya kila siku. Wanaoweka mawe ya msingi ya maktaba mpya katika nchi zetu wangefanya vyema kulikumbuka sharti hilo kabla ya kukata utepe.

Uingereza ililiweka jambo hili katika sheria. Sheria ya Maktaba na Makumbusho ya mwaka 1964 ilizuia kumtoza msomaji kwa kuazima kitabu, lakini kifungu chake cha 20 kiliruhusu majengo ya maktaba yatumike kwa mikutano, maonyesho, filamu na muziki, na kiingilio kitozwe. Tofauti hiyo ni ya busara: kusoma ni bure, kukusanyika kunaweza kuchangiwa. Norway ilikwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 2014 sheria yake inazitaka maktaba za umma ziwe mahali huru pa kukutania na uwanja wa mjadala wa wananchi. Sheria ya Finland iliyoanza kutumika mwaka 2017 inaitaja kazi ya kutoa nafasi ya kujifunzia, kufanyia kazi na kuendeshea shughuli za kiraia, na katika maktaba ya Oodi jijini Helsinki, iliyofunguliwa Desemba 2018, vyumba vya vikundi huwekwa kupitia intaneti bila malipo.

Nairobi ina kisa chake, tena chenye uchungu ndani yake. Maktaba ya kumbukumbu ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa fedha za Bibi Lucie McMillan na mchango wa shirika la Carnegie, ilikuwa ya Wazungu peke yao kwa zaidi ya miaka 25 ya mwanzo. Halmashauri ya Jiji ilikabidhiwa jengo hilo mwaka 1962. Katika miaka hiyo ya ubaguzi Waafrika waliofungiwa mlango wa McMillan walikuwa wakikutana Eastlands, kwenye ukumbi wa kijamii wa mtaa wa Kaloleni, ambako Tom Mboya na wapigania uhuru wengine walihutubia hata ukumbi ukapata sifa ya kuwa bunge la Waafrika. Watu walinyimwa rafu za vitabu wakajitengenezea baraza. Leo matawi ya McMillan yaliyoko Kaloleni na Makadara yamekarabatiwa na shirika la Book Bunk kwa makubaliano na serikali ya kaunti, na ndani yake hufanyika mazungumzo ya waandishi, maonyesho na shughuli za watoto. Pale ambapo kitabu na kikao vilitenganishwa kwa rangi ya ngozi, sasa vimerudishwa pamoja.

Dar es Salaam, Mwalimu Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kumbukumbu ya uhuru, na siku hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Sheria ya mwaka 1975 iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania iliipa bodi hiyo pia kazi ya kusaidia vita dhidi ya ujinga na kukuza fasihi ya nchi. Nani anaweza kukuza fasihi kwa rafu tupu zisizo na mahali pa mwandishi kusimama mbele ya wasomaji wake? Kwa hiyo uzinduzi wa kitabu, usomaji wa mashairi na madarasa ya watu wazima si ugeni unaoombewa hifadhi katika maktaba. Ni kazi yake yenyewe.

Wanaotafuta pa kukaa

Familia ya kawaida mjini hukutana wapi inapokuwa na jambo? Kamati ya harusi hukaa baa, kwa sababu mwenye baa haombi kodi ya ukumbi. Lakini kiti cha baa hulipiwa kwa chupa. Kila mjumbe hujikuta ananunua kinywaji kila Jumapili kwa miezi miwili au mitatu, na mwisho wa hesabu fedha iliyoishia mezani ingetosha kuongeza mchango wa harusi. Mama mcha Mungu asiyeingia baa hukosa vikao, na shangazi mwenye neno la maana huletewa maamuzi yaliyokwisha kupitishwa.

Wanawake wa kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, hukutana sebuleni kwa mwenzao. Wiki ya kwanza mwenye nyumba hufurahi, wiki ya kumi mumewe huanza kunung'unika, na sanduku la fedha hulala katika nyumba ambayo mtaa mzima unajua kuwa lina fedha. Vyama vya akiba vya Nairobi vina hali hiyohiyo: mkutano wa mwisho wa mwezi huhamishiwa hotelini, na chai ya hotelini hukatwa kwenye akiba. Wazazi wanaotaka kuzungumza kuhusu shule ya watoto wao hukutania chini ya mti, mvua ikinyesha kikao kinavunjika. Vijana wanaojifunza programu za kompyuta, wastaafu wanaofuatilia mafao yao, wenye ulemavu wanaounda umoja wao, waandishi wa Kiswahili waliochapisha kwa fedha zao: wote hawa ni watu wa vikao vidogo visivyo na mfadhili.

Watu hawa hawahitaji ukumbi wa kifahari. Wanahitaji chumba chenye viti 30 au 40, feni inayozunguka, choo chenye maji, taa na mlango unaofungwa. Maktaba za mikoa na kaunti zinavyo vyumba vya namna hiyo, na vingi hukaa bila mtu siku nyingi za juma. Faida ya kuwafungulia haiishii kwenye kikao. Mama aliyekuja kwenye kikoba akiwa na mtoto humwacha mtoto kwenye chumba cha vitabu vya watoto, na mtoto akishaijua njia hurudi mwenyewe. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenyeji hapa ni maktaba inayolalamika kila mwaka kuwa wasomaji wanapungua.

Bei isiyomfukuza mtu

Bei ya haki huanza na swali moja: maktaba inatumia kiasi gani ukumbi unapofunguliwa kwa saa moja? Hesabu hiyo ina umeme, maji, sabuni ya usafi, ujira wa mlinzi na mhudumu, na akiba ndogo ya kutengeneza kiti kitakachovunjika. Jengo lenyewe halimo, kwa kuwa mwananchi amekwisha kulilipia. Msimamizi anayepanga bei kwa kutazama hoteli ya jirani inatoza kiasi gani amekosea tangu mwanzo, maana hoteli ilijengwa kwa mkopo na lazima ipate faida, na maktaba ilijengwa kwa kodi.

Gharama hiyo ikishajulikana, wakodishaji hugawanyika wenyewe. Mkutano ulio wazi kwa kila mtu na usio na kiingilio, kama vile darasa la kusoma na kuandika, mjadala wa kitabu au semina ya afya ya mtaa, haupaswi kulipa chochote wakati maktaba iko wazi, kwa sababu unafanya kazi ambayo maktaba ingepaswa kuifanya yenyewe. Kikao cha faragha cha kikundi kisichotafuta faida, kama kikoba, chama au kamati ya harusi, kilipe gharama halisi tu. Kampuni, benki, wauza bidhaa na waandaaji wa semina za kulipia walipe bei ya soko, na tofauti kati ya bei hiyo na gharama ndiyo inayobeba vikao vya bure. Maji ya kifuu bahari ya chungu: kiasi ambacho benki haikioni kwenye vitabu vyake ndicho akiba ya mwezi mzima ya mama anayeuza maandazi.

Kuna kundi la nne ambalo huachwa bila kutajwa kwa woga, nalo ni ofisi za serikali. Simu hupigwa kutoka juu, ukumbi huchukuliwa bure kwa warsha ambayo tayari ina bajeti ya ukumbi, na kikundi kilichokuwa kimeweka nafasi wiki mbili kabla huambiwa kitafute siku nyingine. Hili ndilo linaloharibu imani ya watu kuliko bei kubwa. Ofisi ya umma ilipe kama taasisi nyingine yenye bajeti, na nafasi iliyokwisha kuthibitishwa isiondolewe kwa sababu ya cheo cha mtu.

Bei yenyewe iwe moja. Mtu akiambiwa kiasi fulani kwa siku, kisha siku ya shughuli akadaiwa ya jenereta, ya kufungua choo, ya kupanga viti na ya soda ya mlinzi, bei aliyoambiwa ilikuwa uongo. Amana ya uharibifu inakubalika, ila kiasi chake, sababu za kuikata na siku ya kuirudisha viandikwe kwenye fomu ileile anayotia sahihi. Kwa vikundi vidogo amana kubwa hufukuza watu kuliko kodi yenyewe, kwa hiyo kiongozi wa kikundi mwenye kadi ya maktaba aaminiwe kwa sahihi yake, kama anavyoaminiwa anapoazima kitabu.

Fedha zinakwenda wapi

Hapa ndipo mambo mengi mazuri hufia. Mkutubi wa tawi anapokusanya kodi ya ukumbi kwa mwaka mzima na bado analazimika kuomba balbu kwa barua, hatakuwa na hamu ya kuhangaikia ukumbi. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti jukumu la maktaba kupitia Jedwali la Nne, na Ibara ya 207 inataka mapato ya kaunti yaingie kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti, isipokuwa yale ambayo sheria imeyatenga. Lengo la ibara hiyo ni zuri, kuzuia fedha za umma kuliwa mifukoni. Lakini kodi ya ukumbi ikiingia kwenye mfuko huo mkubwa bila utaratibu wa kurudi, haitaonekana tena kwenye maktaba iliyoizalisha. Kaunti inaweza kutunga sheria yake ya maktaba inayoruhusu sehemu ya mapato ya ukumbi ibaki kwenye tawi kwa matengenezo na vitabu. Jambo hilo halihitaji kubadili Katiba. Linahitaji wawakilishi wa wadi wanaolijali.

Tanzania ina nafuu moja: malipo ya taasisi za umma yamekuwa yakipitia mfumo wa kielektroniki wa serikali, mlipaji hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo na hulipa benki au kwa simu. Popote mfumo huo unapotumika kwa kila kikao, bila ubaguzi, mwanya wa fedha ya mkononi huzibwa. Unapotumika kwa wageni na kuachwa kwa wenyeji wanaofahamika, hasara hurudi palepale. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la ukumbi ni jambo dogo sana kulitunza: nani alikodi, lini, kwa saa ngapi, alilipa kiasi gani. Kila baada ya miezi mitatu jumla yake ibandikwe ukutani, pamoja na kilichonunuliwa kwa fedha hizo. Mkazi akiona kuwa vikao vya miezi mitatu vimeleta vitabu vya hadithi vya darasa la tatu na kiunganishi kipya cha umeme, atalipa kodi ya ukumbi bila kinyongo.

Nani akubaliwe

Swali la dini na siasa ndilo linalowatisha wasimamizi zaidi, na kwa kuogopa huamua kila ombi kivyake. Uamuzi wa namna hiyo hautabiriki. Chama kimoja cha siasa kinapewa ukumbi kwa kongamano la vijana, kingine kinaambiwa maktaba haijihusishi na siasa. Akipenda, chongo huita kengeza. Wananchi huona, na hawasahau.

Chama cha Maktaba cha Marekani kiliweka kanuni yake tangu mwaka 1939, kwamba vyumba vya mikutano vya maktaba vitolewe kwa usawa bila kujali imani au ufuasi wa wanaoomba. Kanuni hiyo imewaletea matatizo mengi, na matatizo hayo yana manufaa kwa anayetaka kujifunza. Huko Antioch, California, kikundi cha Kikristo kilikodi chumba cha maktaba ya umma na kuandaa ibada ndani yake. Wasimamizi wa kaunti wakazuia. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliona kuwa maktaba inaweza kukataa ibada yenyewe huku ikiruhusu mazungumzo ya dini. Miaka mitatu baadaye, kesi iliporudi chini, mahakama ikaona kuwa maofisa hawana namna ya kutenganisha mahali mazungumzo, nyimbo na mafundisho yanapoishia na ibada inapoanzia, bila kujitia kuwa waamuzi wa dini za watu.

Afrika Mashariki ina njia rahisi ya kulikwepa tatizo hilo: kuweka kikomo cha mara, si cha maneno. Kikundi chochote, cha dini, cha siasa, cha biashara au cha michezo, kisiruhusiwe kuutumia ukumbi zaidi ya mara kadhaa zilizowekwa kwa mwaka. Kanisa changa linalokodi ukumbi kila Jumapili kwa miaka mitatu halina tena mkutano. Limepata jengo lake kwa kodi ya wote, Waislamu na wasio na dini wakiwemo. Halikadhalika madrasa inayochukua kila jioni. Kikomo cha mara kinawagusa wote kwa mizani moja, na mkutubi hatakiwi kusikiliza mahubiri ili aamue kama ni ibada.

Kwa vyama vya siasa kanuni ni mbili tu zinazoweza kutetewa: vyote, au hakuna hata kimoja. Hoja ya kuvikubali vyote ina nguvu zaidi, kwa sababu mwananchi anayesikia sera za mgombea akiwa ameketi kwenye kiti, anaweza kuuliza swali, jambo ambalo uwanjani penye spika na ngoma haliwezekani. Sheria za mikutano ya hadhara zipo na mwandaaji ndiye mwenye wajibu wa kuzitimiza: Kenya inataka polisi wapewe taarifa siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla, na Tanzania saa 48 kabla. Maktaba isijipe kazi ya polisi kwa kudai vibali ambavyo sheria haividai kwa kikao cha watu 20 wanaojadili katiba ya ushirika wao.

Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi na jina la ofisi anayoweza kukata rufaa. Sharti hili moja huondoa nusu ya upendeleo, kwa kuwa watu wengi huona haya kuandika sababu ambayo wangeitamka kwa mdomo bila shida.

Oktoba na Novemba

Kuna msimu ambao ukumbi haupaswi kukodishwa kwa mtu yeyote mchana wa siku za kazi, hata kwa bei ya juu. Ni majuma ya kuelekea mitihani ya taifa, hasa Oktoba na Novemba, wakati watahiniwa wa kidato cha nne wa Tanzania na Kenya wanapojaza meza za maktaba tangu mlango unapofunguliwa.

Wanaokuja si wale wenye vyumba vyao vya kulala na meza ya kusomea. Ni watoto wa nyumba za kupanga, chumba kimoja au viwili, ambamo televisheni ya jirani husikika ukutani, mdogo analia, na taa huzimwa mapema ili kuokoa umeme. Kwa mtoto huyu kiti cha maktaba ni sehemu ya elimu yake sawasawa na mwalimu. Ukumbi wenye viti 100 uliokodishwa siku hiyo kwa kampuni inayozindua bidhaa ni watoto 100 waliosomea barazani au waliorudi nyumbani. Hasara hiyo haiandikwi kwenye hesabu za maktaba. Inaonekana Januari au Februari, matokeo yanapotoka, kwenye nyumba ya mzazi ambaye hatajua kamwe kuwa sababu mojawapo ilikuwa mlango wa ukumbi.

Wasimamizi watauliza fedha itatoka wapi katika majuma hayo. Jibu ni kwamba ratiba ya mitihani hutangazwa mapema, na anayeijua ratiba anaweza kupanga semina za kulipia katika miezi mingine. Hakuna kampuni inayolazimika kuzindua sabuni yake Novemba.

Kelele, pilau na saa za kufunga

Ukumbi wa maktaba una ukuta mmoja na watu wanaosoma, na huo ndio mpaka wake wa asili. Kikao, mhadhara, filamu ya sauti ya kawaida, usomaji wa mashairi: hivi vinaishi vizuri na wasomaji. Sherehe ya harusi yenyewe, yenye MC, tarumbeta na spika za kwenye magari, haiishi nao. Kamati ya harusi ikaribishwe. Harusi ipelekwe kwenye kumbi zake. Maktaba zinazokubali sherehe kwa sababu zinalipa vizuri zinapokea fedha ya Jumamosi moja na kupoteza wasomaji waliokuja Jumamosi hiyo na kukuta mlango umezibwa kwa mapambo.

Chakula ni suala la vitabu zaidi kuliko la usafi. Mabaki ya pilau na soda iliyomwagika huita mende, panya na sisimizi, na wakishaingia ukumbini hawasimami mlangoni mwa chumba cha vitabu. Mende hula gundi ya majalada, panya hutafuna karatasi. Maji na chai vinatosha kwa vikao vingi. Kwa shughuli ya siku nzima chakula kiliwe nje, kwenye kivuli au turubai, na taka ziondoke siku hiyohiyo.

Idadi ya watu iandikwe mlangoni na iheshimiwe, milango ya dharura isifungwe kwa kufuli, na ngazi ziwe na njia ya kiti cha magurudumu. Ukumbi ulioko ghorofa ya pili bila lifti umekwisha kuwakataa wenye ulemavu kabla ya kuomba, hivyo vikao vyao vipewe chumba cha chini hata kama kwa kawaida hakikodishwi.

Saa ndizo ngumu zaidi. Wafanyakazi na wafanyabiashara hukutana jioni na Jumapili, wakati maktaba nyingi zimefungwa. Kufungua kunahitaji mtu wa kufungua, na mtu huyo ana familia. Malipo ya saa za ziada yasiwe hisani ya mkodishaji bali sehemu ya bei, na zamu zipangwe ili asiwe mkutubi yuleyule kila Jumapili. Mlango wa pembeni unaofika ukumbini bila kupita kwenye rafu hurahisisha kila kitu, na wasanifu wa maktaba mpya wanapaswa kuuchora tangu mwanzo, kwa sababu kuuvunja ukutani baadaye ni gharama ambayo hakuna tawi litakaloimudu.

Tawi lisilo na ukumbi

Matawi mengi ya wilaya ni chumba kimoja chenye rafu pembeni na meza katikati. Hayo nayo yanaweza kuwa mahali pa vikao. Chumba cha kusomea kikifungwa saa kumi na moja jioni, kinaweza kutumika hadi saa moja usiku kwa kikundi kilichokubaliana kutogusa rafu na kurudisha meza mahali pake. Rafu za katikati zikiwekewa magurudumu, chumba hupanuka kwa kazi ya dakika chache. Baraza la nje likiwekewa benchi za kudumu na taa moja huchukua kikao cha watu 20 bila kumsumbua msomaji, na gharama yake ni ya fundi seremala na fundi umeme wa mtaani.

Katika matawi haya daftari la nafasi linaweza kuwa la karatasi, likae mezani kwa mkutubi mahali ambapo kila mtu anaweza kulifunua na kuona nani ameweka siku gani. Kanuni zote zilizotajwa zinaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi na kubandikwa kwenye uzio, bei zikiwa zimeandikwa, mahali ambapo leo pana namba ya simu peke yake.